Matofali Yaliyotosha Siku Ile

Leo asubuhi nilikuwa uani kwa mama mmoja hapa mjini Baraka, nikisubiri mikate. Mama huyo amechoka na furu yake ya pipa, yaani tanuri lake la kuokea. Anataka ya matofali, ya kuchomea mikate na hata ile piza ambayo vijana wanamwonyesha kwenye simu. Fundi alikwisha kupima, matofali yakaletwa. Sasa fundi alikuwa amesimama mbele ya lundo, mikono kiunoni.

"Mama, matofari haitatosha."

"Si we mwenyewe ulisema itatosha?"

"Siku ile nilipima, ilitosha."

Kabla mama hajalipuka, jirani akapiga hodi, karai mkononi. Mafiga yake yamepasuka; akaomba matofali matatu ya kutelekea chungu.

"Beba tu, mama. Acha hiyo, iko na ufa. Kamata hii." Mama wa mikate mwenyewe akamtwika karai.

Jirani alipotoka tu, mama akamnyooshea fundi kidole hadi puani: "We muntu hujuwe kupima!"

Fundi akanitazama mimi. Mimi nikatazama lundo. Kweli, huku kwetu nani atamnyima jirani figa? Lakini basi, jamani, tusimtukane fundi! Alipimia furu, hakupimia mtaa mzima.

Nilirudi nyumbani nimeudhika, nikitafuta wa kumsimulia. Mke wangu alikuwa anakoroga sombe, mboga ya majani ya muhogo. Chungu kilikaa juu ya matofali matatu mekundu, mapya kabisa.

Nikaomba sahani.