Fundi Letisia na gauni la mtoto aliyepona

Jumamosi, saa tisa alasiri. Kwenye baraza ya duka moja hapa Magomeni, Kilosa, Letisia Melkizedek anafumua kwa wembe gauni jeupe alilolimaliza jana. Kesho askofu anatoa kipaimara, na mwenye gauni, Anastazia, mtoto wa miaka kumi na mmoja, amekaa kwenye benchi amejitanda khanga, anasubiri.

Mama yake, Domina, amemsimamia fundi kichwani.

"Fundi gani wewe? Mkono hauingii, kifua hakifungi. Umemshonea mtoto wa chekechea?"

Letisia anaendelea kufumua. Anajua gauni hilo lingemwenea nani. Na ameshaiambia jumuiya yake kwamba kesho kanisani haendi.

Miaka mitatu iliyopita, wakati wa masika, Anastazia na Ida, binti pekee wa Letisia, walilazwa siku moja kwa malaria. Wodi ilikuwa imejaa, wakalazwa kitanda kimoja, mzungu wa nne, miguu ya huyu kichwani pa yule. Dawa ileile, dripu ileile. Mama zao walikaa sakafuni kwenye mkeka mmoja wakisali rozari moja, huyu akianza, yule akiitikia.

Anastazia alitoka kwa miguu yake. Ida alitolewa amefunikwa shuka. Alikuwa na miaka minane.

"Rozari ilikuwa moja," anasema Letisia. "Domina hakusali kunishinda. Sasa Mungu alisikia mdomo wa nani?"

Tangu siku hiyo anaishi na wivu, na haufichi. Wivu wa kumwona Anastazia akipita na sare ya shule. Wivu wa jina: Domina bado ni mama Anastazia, ila yeye watu waliacha kumwita mama Ida, wakidhani wanamhurumia. Siku hizi ni fundi tu.

"Nikimsikia anamgombeza mwanawe kwa kuvunja sahani, naumia. Natamani na mimi nivunjiwe sahani."

Kazi nayo imekonda. Kabla serikali haijalegeza masharti ya biashara, na kabla marobota ya mitumba hayajaanza kushushwa hapa mjini, alishona mpaka nguo kumi kwa wiki. Sasa akipata mbili anashukuru. Mumewe, Evance, alipunguzwa kazi kwenye shamba la mkonge, akaenda Mikumi kulinda nyumba ya wageni. Hivyo Domina alipoleta kitambaa cheupe, Letisia hakuwa na ubavu wa kukataa.

Alimpima mtoto huku akitazama ukuta. Alipofika kwenye kukata, mikono ikakata kwa kipimo cha Ida.

"Sikukusudia," anasema, kisha anajirudi. "Sijui, labda nilikusudia. Nilikata nikiimba, nikashona nikiimba. Raha ile sikuwa nimeipata miaka mitatu."

Sasa Domina anazidi kufoka barazani. Letisia anaweka wembe chini.

"Hili ni la Ida," anasema bila kuinua kichwa.

Domina anamwambia mwanawe aingie dukani, kisha anavuta kigoda.

"Letisia, mwanangu kupona ni kosa langu?"

"Si kosa lako."

"Unanichukia?"

"Nakuonea wivu. Chuki ingeshaisha."

"Basi na mimi nimechoka. Miaka mitatu siwezi kumsifu mwanangu mbele yako. Nikikuona unakuja, namwingiza ndani kama nimemwiba."

"Kumbe! Mimi nikadhani unamficha nisimroge."

"Na hilo pia," anasema Domina.

Wanacheka, wote wawili bila kutaka. Kisha Letisia analia, na Domina hamwambii anyamaze.

Kitambaa kimekwisha. Letisia anaingia chumbani kwake nyuma ya duka, anarudi na shuka nyeupe ya mtumba aliyokuwa akijifunika. Anakata vipande vya kutanulia ubavu, mikono mipya, na rinda la kurefusha chini. Domina anamshikia ncha.

"Mitumba ilininyang'anya ugali," anasema fundi, "leo inanifichia aibu."

Kabla jua halijazama gauni linaingia. Ukilikazia macho unaona weupe wa aina mbili. Anastazia hana habari, anajizungusha mpaka rinda linafunguka kama mwavuli. Letisia anageuza uso. Wivu haujaondoka.

Katekista alimwonya asimwulize Mungu maswali. "Nikamjibu, basi nimwulize nani, wewe?"

Baada ya mavuno anataka kuihamishia cherehani yake Mikumi, kando ya barabara kuu, ambako nyumba za wageni zinaongezeka na kila dirisha linahitaji pazia. "Mapazia hayana umri," anasema. "Nitapima dirisha, si mtoto."

Na kanisani?

Letisia anakunja mabaki ya shuka, anayaweka chini ya cherehani.

"Kesho nakwenda. Nitakaa mbele, nimwone askofu akimpaka mafuta mtoto wa mwenzangu. Wivu utanishika, najua. Nitamwambia Mungu palepale: umeniumiza, na bado sina mwingine wa kumwambia."