Mguu wa Doria, Jicho la Mzee Hamadi

Mguu mmoja wa mbwa ulitugharimu jogoo, nusu ya muhogo wa bondeni, na salamu baina ya nyumba mbili. Hesabu hii nimeipiga mara mbili. Ghali zilikuwa salamu. Juzi nilikuwa sokoni Wete nikivutana bei na muuza samaki, harufu ya vichwa vilivyolala ikanirudisha Gando, utotoni.

Doria alikuwa mbwa wa shamba, mkubwa hata watoto wa chuo cha Kurani wakibadili njia. Kazi yake kufukuza tumbili. Asubuhi moja alirudi akichechemea, mguu wa mbele ameukunja kama bwana harusi anayeogopa tope.

Uganga wote tuliufanya kwa mbali. Mguu alikuwa akiulamba, umerowa mate, na mate ya mbwa yakikugusa utajiosha mara saba, moja kwa udongo, na kisima hakikuwa karibu. Baba akamchunguza kwa fimbo.

"Kateguka," akasema.

"Kakanyaga mambo ya watu," akasema Bibi kutoka barazani.

Tukammwagia maji ya chumvi kwa birika, tumejitenga kama wazima moto. Jogoo akapelekwa kwa mganga, wala hakurudi na habari. Wayo ukavimba kama mkate wa boflo, tumbili wakala muhogo mchana kweupe. Ndipo Baba akakumbuka kwamba jirani yetu, Mzee Hamadi, alipita akasema, "Yakhe, huyu si mbwa, ndama huyu," akaenda zake bila kusema mashaallah.

"Jicho hilo," Baba akakata shauri.

Mwisho akaja bwana mifugo. Alimfunga Doria mdomo kwa kitambaa, akaushika wayo kwa mikono yake.

"Nani aliangalia baina ya vidole?"

Akavuta kwa koleo, ikatoka ndoana na kipande cha mshipi wa kijani.

"Siku ya kwanza mngeiona. Sasa uozo umeshafika mfupani."

Doria hakumaliza wiki.

Mshipi ule niliujua. Baba alikuwa akitundika kichwa cha samaki kwenye ndoana nyuma ya banda, kumtega ngawa aliyekuwa akitumalizia kuku. Jioni aliyokufa Doria nilimwona Baba akikusanya mshipi uliobaki na kuutumbukiza chooni. Nilidhani anasafisha uwanja. Kesho yake Mzee Hamadi alikuja kutupa pole, Baba akamkuta mlangoni: "Jicho lako limeshakula. Nenda kalale." Tangu siku hiyo wakipishana, kila mmoja hutazama upande wake. Nami nilishakuwa mtu mzima ndipo nilipofahamu kuwa Baba, jioni ile ya msiba wa Doria, hakuwa akisafisha uwanja.

Sasa Mzee Hamadi yuko hoi kitandani, kwa binti yake anayekaa mtaa wa Jadida. Nilipokwenda kumtazama alinishika mkono.

"Mwanangu, mwambie baba yako anisamehe. Pengine kweli nilisahau kusema mashaallah."

Nikazifikisha salamu. Baba alikuwa na tasbihi mkononi, wala hakuisimamisha.

"Mwambie nimeshamsamehe."

Jibu hilo ninalo tangu jana, na mgonjwa analisubiri. Nyinyi wenye wazazi, nishaurini: nilipeleke Jadida kama lilivyo, au nirudi kwanza Gando nikamuulize Baba habari za mshipi wa kijani?