Chokaa ya Vaelani Chini ya Ndege ya Picha

Mama mkwe wangu, Vaelani, alikuwa mchoma chokaa. Rasi yetu yote ilitafuna tambuu na popoo kwa chokaa yake. Alitoa matumbawe majini, akayachoma, kisha akatandaza unga wake juu ya mikeka upoe. Hapo mwanamume hakanyagi, wala mama anayenyonyesha. Ni mwiko, chokaa hukosa ukali. Yeye alikuwa mjane, kazi ikamfaa.

Ilikuwa wakati wa vita, na Wajapani walikuwa wamejichimbia ng'ambo ya ghuba. Asubuhi hiyo mikeka ilijaa, imepangwa safu zilizonyooka, nyeupe pee. Ndege ya Wamarekani ikaja peke yake, juu sana. Haikuangusha kitu. Ilinyoosha, ikageuka, ikarudi sambamba na ilikopita, kama mtu anayesuka ukili.

Hebala, mdogo wake wa kiume, aliyekuwa akiwaongoza Wamarekani msituni, akatokea anahema.

"Dada, hiyo inapiga picha za ramani! Wakiona weupe umepangwa hivi watasema mahema ya Wajapani. Watarudi na mabomu!"

"Sasa unasimama nini? Funika!"

Hebala akasita ukingoni mwa mikeka. "Mwiko, dada."

"Haya, kaa hapohapo upigwe picha. Umependeza."

Ndege ikageuka tena. Sasa ilipita juu ya mwamba wa matumbawe. Ikirudi itakuwa juu yetu. Vaelani aliburuta majani ya migomba peke yake, akifunika huku, upepo unafunua kule. Akatazama nilikosimama, ila hakunitazama mimi. Alimtazama mtoto kifuani kwangu.

"Njoo, mwanangu. Njoo naye."

"Mama, chokaa itaharibika."

"Iharibike! Na wewe Hebala, huo mguu una uchawi gani? Ingia!"

Tukaingia. Nilitandaza majani kwa mkono mmoja. Hebala akailalia kona iliyokuwa ikipeperuka, vumbi la chokaa likimchoma macho. Mlio ukatujia, ukatukalia vichwani. Mtoto akalia, nikampa ziwa. Hakuna aliyeinua uso mpaka sauti ilipopotelea baharini.

Siku chache baadaye mabomu yalianguka ng'ambo ya ghuba, kwenye kambi ya Wajapani. Kwetu zilitikisika kuta tu.

Vaelani aliimwaga ile chokaa yote bila hata kuionja, akarudi majini kutafuta matumbawe mengine. Watu wakaja kulalamika kwamba bila chokaa tambuu haikolei rangi.

"Tafuneni hivyohivyo," akawaambia. "Si meno mnayo?"