Mama Mkwe Ndani ya Mashua

Nimefanya kazi nyingi na sikudumu katika hata moja. Nimepanda mpunga Bwegera, nimefyatua matofali Katogota, nimepakia mashua Kalundu, na kila mahali niliondoka mara tu nilipoelewa kazi inavyokwenda. Kwa hiyo mume wa dada yangu aliponionyesha mchezo wa simu aliokuwa akiutengeneza peke yake kwenye ordinatere yake, kompyuta kuukuu, nilihamia kwao Songo nikakaa karibu msimu wote wa mvua.

Mchezo wenyewe ni rahisi kuueleza. Mashua inaondoka Uvira kwenda Baraka. Abiria wanangoja ufukweni, chini ya kila mmoja imeandikwa yeye ni nani, na wewe unawapanga kwa kidole mpaka mashua ikae sawa. Mbuzi hakai karibu na mwenye majani ya sombe. Bwana harusi hakai karibu na beseni la samaki wa ndagala. Ukikosea, mashua inapinduka polepole, na wote wanaogelea kurudi huku wakikutazama vibaya. Yale macho yalimtesa sana shemeji kuyachora. Mimi ndiye niliyemtolea macho yangu ayanakili.

Shida ilikuwa safari ya mwisho, hatua ya kumalizia mchezo. Niliizungusha simu kwa wapakiaji wa Kalundu, kwa wasusi, kwa vijana wa pikipiki. Wote walikwama pale pale, wakanirudishia simu bila maelezo. Shemeji akaanza kukata tamaa. Kaka yake alikuwa anamwita Bukavu akauze misumari dukani, naye akaamua kwamba Jumapili ikipita bila mtu hata mmoja kumaliza, ataufuta mchezo na kuondoka.

"Mchezo wenye haumalizikake ni mateso, bofrere," aliniambia. Bofrere ni shemeji, nasi tunaitana hivyo.

Jumamosi mama yangu akaja kututembelea. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawakai pamoja wala hawasemezani uso kwa uso. Shemeji akabeba kiti chake, akaenda kukaa nyuma ya nyumba, chini ya dirisha. Mama hakuwahi kuelewa kwa nini mtu mzima ashinde anabonyeza simu. Nikampa ajaribu.

Akavaa miwani. Akavuka safari moja baada ya nyingine, akiwagombeza abiria kama anawajua. "Weye na mbuzi yako, enda kule nyuma." Alipofika ya mwisho akaacha kidole hewani.

"Inakatala?" nikauliza.

"Haikatale. Fasi naiona. Ila minye sitabakalisha pale."

"Banani?"

"Huyu mama na mukwe wake. Bote bako bazito, mashua inaomba bakae katikati, bega kwa bega. Muulize bwana ya dada yako, kwabo banafanyaka vile?"

Nikatoa kichwa dirishani. "Bofrere, mama anauliza..."

"Nimesikia," akanong'ona. "Umuambie kwanza ilikuwa vibokisi vya rangi tu. Majina nilitia nyuma yake, sikuangalia nani amekaa na nani."

"Mama, anasema..."

"Minye si kiziwi. Umuambie atie hata gunia ya muchele katikati yabo."

Tukamsikia shemeji anacheka peke yake nyuma ya ukuta. Nami nikawakumbuka wapakiaji wangu. Walikuwa wamejaribu kila mpango, hata kumweka mbuzi kwenye usukani, lakini ule mmoja vidole vyao viliukwepa, na hakuna aliyeona kuna haja ya kusema kwa nini.

Kuongeza gunia hakukuwa jambo dogo, maana uzito wote wa mashua ulibidi upangwe upya, na kurant, umeme wetu, ilikatika mara mbili. Mama akakubali kulala. Jumapili, baada ya ibada, akavaa tena miwani. Akamkalisha yule mama, akalaza gunia, akamkalisha mkwe upande wa pili. Mashua ikayumba, ikatulia, ikaondoka.

Mama akaitazama mpaka ikapotea kwenye kioo.

"Muulize kama iko ingine."

"Umuambie kesho itakuwa iko," sauti ikajibu chini ya dirisha kabla sijageuka.

"Umuambie nitangoja."

Chumbani, dada yangu alikuwa ameshaanza kutoa mashati ya mumewe kwenye mfuko wa safari ya Bukavu, akiyakung'uta moja moja.