Barua za Mwisho za Kamongo

Johana arap Mibei alikuwa jirani yangu juu ya Litein kwa miaka kumi na tisa, na mimi ndiye niliyemwomba aje azungumze na wanafunzi. Nilikuwa nikifundisha historia katika shule ya sekondari ya pale. Mwaka huo wa 1995 ilikuwa inatimia miaka hamsini tangu Vita vya Pili vya Dunia viishe, na watoto wa Kidato cha Tatu waliamini kwamba vita hivyo vilikuwa vya Wazungu peke yao. Niliwaambia kwamba chini ya barabara, kwenye shamba la ekari moja na nusu la majani chai, anaishi mzee aliyefanya kazi na nyambizi ya kivita kule bandarini Kilindini.

Alikuja Ijumaa moja ya mwezi wa Julai, amevaa koti la suti na gambuti kwa sababu barabara ilikuwa matope. Alikuwa na miaka sabini na miwili. Alikataa kiti, akasimama mbele ya ubao na kofia mkononi, akaanza.

Aliwaambia kwamba mwaka wa 1943 alipelekwa Mombasa pamoja na vijana wengine kuwa vibarua wa jeshi la maji. Alikuwa hajawahi kuona bahari. Kwa kuwa alikuwa amesoma miaka minne kwa wamisheni na alijua Kiingereza kidogo, hakupewa kazi ya kubeba makaa. Aliwekwa katika kikundi cha kuhudumia nyambizi moja ya Waingereza: kupeleka mikate, maji na viazi, na kuchukua nguo chafu. Nyambizi hiyo ilikuwa na namba tu ubavuni. Vibarua waliotoka upande wa ziwani wakaiita Kamongo, kama yule samaki anayejifukia matopeni ukadhani amekufa, kisha mvua ikinyesha anatokea mzima.

Kamongo ilikuwa ikiondoka kwa majuma matatu hivi. Ikirudi, mabaharia walitoka weupe kama chipukizi za viazi vilivyosahauliwa ghalani, wana ndevu, wananuka dizeli ambayo sabuni haikuiweza. Juu yake ilipepea bendera ndogo nyeusi, na kwa kila meli ya adui waliyoizamisha walishona mstari mweupe. Johana aliiona ikifika mistari minne. Siku moja mpishi wao, aliyeitwa Harry, alimruhusu ashuke ngazi aone ndani. Aliona wanaume zaidi ya thelathini wakiishi mahali pembamba kuliko darasa lile, wengine wakilala juu ya makombora yenyewe. Alipotoka alikaa chini kwenye saruji, na Harry akamcheka, akampa mkate.

Machi 1944 Kamongo iliondoka na haikurudi. Majuma matatu yakapita, yakawa manne, na mikate iliyookwa kwa ajili yao ikagawiwa vibarua. Wengine walisema iligonga bomu lililotegwa baharini, wengine wakasema ilipigwa na ndege. Hakuna aliyejua ilipolala. Hakuna hata mmoja wa waliokuwa ndani aliyeonekana tena.

 Wanafunzi wakampigia makofi, na mwalimu mkuu akampa blanketi jipya kwa niaba ya shule.

Kule nyuma alikuwa amekaa Mellen, mwalimu wetu wa sayansikimu, Mkisii aliyezaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa majani chai upande wa Kericho. Watoto walipotoka alimwendea mzee akamsalimu kwa mikono miwili.

“Mzee, baba yangu pia alikuwa akisema Kamongo,” alimwambia. “Alifanya kazi huko huko. Jina lake Omwenga. Ulimjua?”

Nilikuwa nimesimama karibu. Niliona mzee akiangalia kofia yake, akiizungusha.

“Tulikuwa watu wengi, mwalimu,” akajibu. “Wengine nimewasahau.”

Mellen alishukuru akaenda zake. Nilipomwambia Johana aje ofisini anywe chai, alisema ng'ombe wanamngoja.

Jumapili ile, baada ya kanisa, alifika nyumbani kwangu na lile blanketi chini ya kwapa, halijafunguliwa. Aliliweka mezani akaniomba nilirudishe shuleni. Nilimuuliza kama lina kasoro. Akasema kasoro ni yake, akakaa, akanieleza yote bila kuniangalia.

Asubuhi ile ya Machi, kabla Kamongo haijaondoka, Harry alimpa mfuko wa turubai wenye barua za mabaharia. Ilikuwa desturi yao: kila safari waliandika, na Johana alipeleka mfuko kwenye ofisi ya posta ya bandarini. Siku hiyo askari walikuwa na mashindano ya ngumi karibu na maghala. Johana aliusukuma mfuko chini ya kiti cha mashua ya kupeleka maji, akaenda kutazama. Aliporudi mchana, mashua ilikuwa imetoka na kurudi, mfuko umelala katika maji machafu yenye mafuta. Wino ulikuwa umeyeyuka. Jina hata moja halikusomeka. Aliogopa viboko, akatia mawe ndani ya mfuko na kuutupa baharini. Alijiambia kwamba wataandika nyingine.

Kamongo ilipopotea, afisa mmoja alitaka kuhakikisha kwamba barua za mwisho zimewafikia wake na mama zao. Daftari la posta halikuwa na mfuko wowote wa siku ile. Johana akaitwa. Alisimama mbele ya meza, na maneno yakamtoka kwa Kiingereza chake cha misheni: alimpa Omwenga apeleke.

Omwenga alikuwa kibarua mwenzake, walilala chumba kimoja. Alikuwa Mkisii wa rika la Johana, hajui kusoma, Kiswahili chake kidogo, Kiingereza hana kabisa. Walipomuuliza alijibu kwa Kikisii, na pale hapakuwa na wa kumwelewa. Maafisa walikuwa na uchungu wa watu wao. Alipigwa viboko kumi na viwili, akafungwa miezi sita kwa kuiba barua za wafu, kisha akafukuzwa kazi. Johana alibaki Kilindini mpaka vita vikaisha, akapewa cheti cha tabia njema.

“Nilimwona mara moja tu tena,” aliniambia. “Mwaka wa sitini na mbili, Kericho mjini. Alikuwa anakuja upande wangu. Niliingia kwa duka la nguo nikasimama nyuma ya mlango, nikashika vitambaa kama mtu anayenunua. Akapita.”

Nilipaswa kumwambia jambo la maana. Badala yake nilimwambia mambo hayo ni ya zamani, Omwenga ameshakufa, naye ni mtu anayeheshimiwa, ayaache. Sina fahari na ushauri huo. Johana alinisikiliza mpaka mwisho, akasema aliyekufa ni Omwenga lakini mtoto wake amemuuliza ana kwa ana, naye amemkana mara ya pili. Akaniomba nimpeleke kwa Mellen.

Mellen aliishi katika nyumba za walimu pamoja na mama yake, Bitutu, tangu baba yake afariki mwaka wa 1987. Tulimkuta mama akichagua maharagwe kwenye ungo. Johana hakungoja chai. Alisema jina lake, akasema alidanganya siku ya Ijumaa, kisha akaeleza yote tangu mwanzo: mfuko, mashua, ngumi, mawe, na yale maneno mbele ya meza. Aliposema “nilimpa Omwenga” sauti ilikatika, akarudia sentensi nzima ili isikike.

Mellen alisimama akaenda kushika fremu ya dirisha. Nilitarajia atufukuze. Lakini aliyesema kwanza alikuwa mama.

“Aliniambia hivyo hivyo,” Bitutu alisema polepole. “Aliponioa aliniambia, yule Mkipsigis ndiye anayejua mfuko ulikwenda wapi. Mimi nikamwambia mtu hafungwi bure.”

Aliweka ungo chini.

“Miaka arobaini nimekaa na yeye nikijua ni mwizi. Sanduku langu nilikuwa nafunga na kufuli. Na alikuwa anaona hiyo kufuli.”

Mellen aligeuka akamwita mama yake kwa sauti ndogo. Nilielewa kwamba na yeye alikuwa akilisikia jambo hilo kwa mara ya kwanza. Johana alianza kusema kwamba kosa ni lake peke yake. Bitutu akamwambia anyamaze, asimnyang'anye hata kosa lililo lake.

 Hatimaye Johana aliuliza afanye nini. Bitutu hakutaka fidia ya ng'ombe wala sukari. Alisema mumewe alipendekezwa mara mbili kuwa shemasi katika kanisa la Wasabato kule kwenye mashamba makubwa, na mara zote mbili mtu alisimama akataja jela ya Mombasa. Baadhi ya watu hao bado wako hai. Aende akawaambie wao.

Habari ilimfikia Kipngeno, mwana wa kwanza wa Johana, ambaye alikuwa karani katika kituo cha kupimia majani na alitaka kugombea udiwani. Alikuja kwa baba yake akiwa amekasirika sana. Alimwambia kwamba anaivua familia nguo mbele ya watu, tena mbele ya Wakisii, na kwamba miaka mitatu iliyopita tu makabila haya yalikuwa yakichomeana nyumba. Mzee alimjibu kwamba nguo alizozivaa hazikuwa zake.

Jumamosi ya pili ya mwezi wa Agosti tulikwenda, mimi na Johana, na Mellen na mama yake pia. Kanisa lilijaa wachuma majani na watoto wao. Mzee wa kanisa alimpa Johana nafasi baada ya shule ya Sabato, akasema itafaa maneno yatafsiriwe kwa Kikisii kwa ajili ya wazee. Akatafuta kwa macho, akamwita Mellen.

Sidhani huyo mzee wa kanisa alikuwa amefikiri alichokifanya. Mellen aliinuka, akasimama mkono wa kushoto wa Johana. Johana alisema sentensi moja kwa Kiswahili, naye akaisema kwa Kikisii, hivyo hivyo. Mimi nilitupa mfuko baharini. Mimi nilisimama mbele ya maafisa. Mkalimani husema “mimi”, na Mellen alisema “mimi” kila mara, bila kuruka neno, mpaka Johana alipofika pale: “Mimi nilimsingizia Omwenga, na hakuwa na hatia.”

Mellen alifungua kinywa, kisha akafunga. Kanisa zima lilikuwa likimwangalia, na wote walijua yeye ni mtoto wa nani. Johana aliinamisha kichwa.  Mwishowe Mellen alisema sentensi hiyo. Aliisema kwa sauti kubwa kuliko zote zilizotangulia, akalitaja jina la baba yake kamili, akarudi mahali pake kabla Johana hajamaliza kushukuru.

Mzee mmoja wa safu ya mbele alitoka nje na hakurudi. Wengine waliomba. Ibada ilipokwisha baadhi ya watu walimpa Johana mkono, wengine walimpita. Alisimama kando ya mlango mpaka Bitutu alipotoka, ameshikwa mkono na binti yake.

“Nimesikia,” Bitutu alimwambia. “Sasa nenda nyumbani, mzee. Usirudi kwangu.”

Alitii. Hakurudi tena.

Baada ya hapo hakusimulia tena habari za nyambizi. Ofisi ya tarafa ilipowaita wazee waliotumikia vita wapigwe picha, alituma ujumbe kwamba ana kazi shambani. Aliendelea kuchuma majani yake mpaka mapafu yakamshinda, akafariki Mei 1998.

Kipngeno aliniomba nisome wasifu wa marehemu mazishini, akanipa karatasi iliyopigwa chapa. Iliandikwa kwamba alihudumia nyambizi ya kivita kwa uaminifu mkubwa na kutunukiwa cheti. Nilikuwa nimeshaanza kusoma nilipomwona Mellen amesimama nyuma ya umati, ametoka kazini, bado amevaa aproni ya jiko la shule chini ya sweta. Nilipofika kwenye mstari huo nilisema kwamba alifanya kazi Kilindini wakati wa vita, nikaendelea na ndoa yake na watoto wake.

Sikusema uongo. Lakini jina la Omwenga sikulitaja, ingawa kipaza sauti kilikuwa mkononi mwangu na umati wote ulikuwa ukinisikiliza. Nilipoinua macho kutoka kwenye karatasi, Mellen alikuwa ameshaondoka.