Nani Kayafua Mashati Yangu?

Mimi ni mtu wa shaka, na sioni haya kulisema. Marehemu mume wangu akinitania kwamba hata chai niliyomiminiwa na mama yangu mzazi ningeinusa kwanza.

Nilifanya usafi wa maofisi Croydon, huku Uingereza, miaka kumi na moja. Nilichoka na ndoo, na magoti yangu yalichoka kunishinda mimi. Halafu nikapata kazi ya sindano, kwenye karakana ndogo nyuma ya reli, upande wa kusini wa mji. Tulishona nguo mpya kwa mtindo wa karne ya kumi na tisa, kwa ajili ya makumbusho, watu wa filamu, na Waingereza ambao Jumapili huvaa kama wachukuzi wa bandarini wa zama za babu zao wakajiona wamestarehe. Nilipewa miezi mitatu ya majaribio. Nikifaulu, naajiriwa moja kwa moja. Nikishindwa, narudi kwenye ndoo.

Kazi yangu ilikuwa mashati ya vibarua: pamba nzito ya milia ya buluu na nyeupe, marefu mpaka mapajani, ya kuvaa kwa kupitisha kichwani. Siku bosi aliponikunjulia shati la mfano, nilicheka peke yangu. Vipande vyote vya mraba, hakuna mkato wa mviringo, kitambaa hakitupwi hata kidogo, na chini ya mkono kuna kikwapa, kipande kidogo cha mraba cha kuupa mkono nafasi, kile kile ambacho baba yangu alikishona maisha yake yote kwenye kanzu, Unguja. Hapo kwenye kikwapa milia hukatika ikaenda upande, na ukikosea uzi mmoja jicho linaona. Mimi sikukosea. Bosi, mama wa Kiingereza mwembamba mwenye pini kifuani kutwa nzima, alilishika shati langu la kwanza dirishani akaguna, na nikajua mguno ule ni wa sifa.

Vitundu vya vifungo hushonwa kwa mkono. Bosi aliniruhusu nivishonee nyumbani, mradi niandike kwenye daftari kila shati linalotoka na linalorudi. Nikimaliza, nilikuwa nafunga king'ora cha moshi kwa mfuko wa plastiki kisilie, natia makaa kwenye chetezo, na kuyafukiza mashati udi. Baba hakuwahi kumkabidhi mtu kanzu isiyofukizwa. Kwetu nguo mpya haimfikii mwenyewe ikinuka pamba na jasho la fundi. Ni kumvunjia heshima. Sikumwambia bosi kwa sababu hata sikuliona kama ni jambo la kusema.

Tulikuwa washonaji wawili tu. Mwenzangu alikuwa mama wa Kihindi mwenye mvi, mzaliwa wa Kisumu, mkazi wa Queensbury, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko Kenya, cha mbio mbio. Siku ya kwanza alinisalimu kwa furaha kabisa, nami nikamwitikia nusu mdomo. Mwenyewe alinieleza kwamba mwanawe ana nyumba kubwa Stanmore, mtaa wa wenye pesa. Basi mtu mwenye mtoto Stanmore anatafuta nini kwenye cherehani? Nikamwekea jicho.

Wiki ya tano bosi aliingia na shati mkononi, uso umemkunjamana. Makumbusho yamelirudisha. Linanuka moshi, na wao hawaruhusu kitu chenye moshi kikae karibu na nguo zao za kale. Akauliza nani anavuta sigara. Hakuna. "Nikimjua mwenye moshi huu," akasema, "hana kazi hapa."

Wallahi, haikunipitia akilini kuwa ni mimi. Udi kwangu haukuwa moshi. Moshi ni wa sigara, wa basi, wa mkate ulioungua. Nilimgeukia mwenzangu nikakumbuka kwamba wenzetu wale huwasha vijiti vya ubani kila asubuhi mbele ya miungu yao. Nikasema moyoni, umepatikana leo.

Mchana, tulipokuwa tunakula, mwenzangu akaniinamia. "Dada, ile smell ya nyumbani, wacha nyumbani, please. Wewe bado uko probation."

Damu ilinipanda mpaka masikioni. Mtu mzima ananiambia nanuka! "Mimi naoga, mama," nikamjibu. "Wewe kajinuse mwenyewe." Akafunga kibweta chake cha chakula pole pole, akarudi kwenye cherehani yake. Tangu siku ile hatukusemeshana.

Ndipo mashati yangu yakaanza kubadilika. Ijumaa nayaacha kwenye rafu yamekakamaa kama yanavyotakiwa, maana bosi hataki yafuliwe, mnunuzi anayapenda na ugumu wake. Jumatatu nayakuta laini, yamepigwa pasi, yananukia sabuni. Udi wangu hamna. Nilidhani nimebadilishiwa, nikatia fundo la uzi mwekundu ndani ya pindo. Jumatatu iliyofuata fundo lipo, shati ni langu, na limefuliwa.

Sikupata usingizi wa maana wiki nzima. Nikajijibu mwenyewe: anayafua yarudi, yawe mafupi, ili bosi akiyapima nionekane sijui kazi. Zimebaki wiki tatu majaribio yaishe, na huyu anataka nafasi yangu ampe jamaa yake. Ijumaa nilijifanya nimeondoka, nikasimama nyuma ya mlango wa choo. Nikamwona kwa macho yangu akitia mashati yangu mawili kwenye mfuko wake, bila kugusa daftari. Sikumwuliza. Nilikwenda moja kwa moja kwa bosi, na nilikwenda kwa furaha.

Jumatatu asubuhi bosi alituita sote wawili, akamwomba mwenzangu afungue mfuko. Mashati yalikuwamo, yamekunjwa vizuri, milia imelingana.

"Kwa nini uliyachukua?" bosi akamwuliza.

"Niliyafua. Yalikuwa yananuka moshi."

Pale ndipo nilipoelewa. Nilielewa yote kwa mara moja, chetezo, mfuko wa plastiki, na maneno yake ya mchana ule. Bosi akauliza moshi ule umetoka wapi. Yule mama alinitazama kidogo, si kwa hasira.

"Kwangu," akasema. "Nyumbani kwangu nachoma ubani. Nguo zangu zinauleta mpaka hapa."

Bosi alimwambia akusanye vitu vyake. Nilimfuata mpaka mlangoni, nikamshika mkono, nikamwuliza kwa nini kasema vile.

"Mimi watoto wangu watanilisha," akasema. "Wewe unaye nani?" Kisha akachukua koti lake. "Lakini sasa nitakaa na TV kutwa nzima, dada. Hii kazi nilikuwa naipenda."

Akalivaa, akafunga vifungo vyote, akaenda zake stesheni.

Nilirudi ndani. Nilijiambia nitalisema baada ya chakula, kisha nikajiambia kesho, kisha wiki ile ikapita. Chetezo changu nilikifungia kabatini. Wiki tatu baadaye bosi alinipa karatasi ya kuajiriwa. Alisema tangu mama yule aondoke hakuna shati hata moja lililorudishwa, na kwamba ananishukuru kwa uaminifu wangu. Akanipa kalamu. Akaniuliza kama nina lolote la kusema kabla sijatia saini.

Nikamwambia sina.