Meza ya Nne ya Meklit

Shemeji yangu Zerihun ni fundi miwani pale mtaa wa Piassa. Anawasaidia watu waone, lakini yeye mwenyewe wivu umempofusha. Naishi kwao, kwa hiyo nayajua. Dada yangu Meklit akicheka peke yake chumbani, Zerihun huacha kutafuna.

Meklit hupanga kurasa za vitabu akiwa nyumbani. Kompyuta yake ina meza nne, yaani nafasi za kupangia kazi, ndani ya kioo kimoja: ya kurasa, ya barua, ya mikutano, na ya nne. Akipitisha vidole vitatu kwenye kibao chake, meza moja inateleza pembeni na nyingine inaingia. Na kila mumewe akitokea mlangoni, vidole hivyo vinapita. Hapo ndipo roho ilipomuuma.

"Ananificha, Sosina," aliniambia. "Meza ya nne ni ya yule Biniam wa ofisini kwao."

"Shemeji, acha hizo bwana."

Hakuacha. Jumatano moja ya mfungo, siku isiyo na nyama, aliingia chumbani na gursha, tonge la mkate wa injera na rojo la shiro, amlishe mkewe kwa mkono wake kama kawaida. Meklit alikuwa anacheka. Alipomwona, vidole vikapita, kioo kikabaki kitupu.

"Umemficha wapi?" Zerihun alifoka. "Biniam anakupa nini nisichokupa mimi? Mimi nakulisha, yeye anakuchekesha!"

"Zerihun, nyamaza, nakuomba..."

"Sinyamazi! Mwambie atoke!"

Sauti ikatoka kwenye kompyuta. "Kaka Zerihun, Biniam hapa. Tuko kwenye mkutano, ofisi nzima. Tunakusikia."

Kumbe mkutano haukufungwa, ulibaki wazi kwenye meza ya mikutano, nje ya macho tu. Meklit akaurudia, akawaomba radhi wote, akaufunga. Kisha akaileta tena meza ya nne. Haikuwa na kitu.

"Itazame vizuri, ni yako hii," alisema. "Ukiona jina la mtu, unauliza. Ukiona picha, unauliza. Basi ukiingia nakuwekea meza isiyo na mtu."

Zerihun alimsogelea. Akainua gursha, akaipeleka kinywani mwa mkewe. Kwetu gursha haikataliwi, hata mkiwa mmenuniana.

Meklit alifumba midomo, akageukia kurasa zake.

Tonge lile Zerihun alilila mwenyewe, amesimama, shiro ikimchuruzika mpaka kwenye kiwiko.